Siku Tatu Katika Nchi ya Zabibu: Mwongozo wa Dodoma kwa Kundi la Marafiki

Mkoa wa Dodoma, ulio katikati ya Tanzania juu ya uwanda wenye mwinuko wa mita zipatazo 1,100 kutoka usawa wa bahari, hujulikana zaidi kwa Bunge na wizara zake kuliko kwa mashamba ya mizabibu, ingawa ndiko zinakotoka zabibu nyingi za biashara nchini. Mvua za huko ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hazizidi sana milimita 600. Ukame huo huo uliowaletea Wagogo njaa za mara kwa mara ndio unaoufaa mzabibu, kwa kuwa hewa kavu huzuia magonjwa ya ukungu na jua la mfululizo hukusanya sukari ndani ya tunda. Mmea wenyewe ni mgeni, kwani uliletwa na wamisionari Wakatoliki katika miaka ya 1950, na misheni ya Bihawana, iliyo upande wa barabara ya Iringa, ndiyo hutajwa kuwa chimbuko lake kabla haujaenea kwa wakulima wadogo wa vijiji vya jirani. Historia hiyo imeacha alama katika lugha: "divai" limebaki kuwa neno la Biblia na la kanisani, "mvinyo", lenye asili ya Kireno, ni neno la lebo na la magazeti, ilhali mezani mhudumu wa baa ataelewa upesi zaidi akiagizwa "waini".

Kundi linalopanga kwenda huko mwishoni mwa juma halina budi kuondoa kwanza picha inayotokana na filamu za Ufaransa au za Afrika Kusini, yaani picha ya majumba ya kuonjea yaliyopangana kando ya barabara, yenye milango iliyo wazi kwa kila apitaye. Dodoma ni nchi ya wakulima na viwanda, na mgeni hupokelewa katikati ya kazi za watu, jambo ambalo kwa maoni ya mwongozo huu ndilo uzuri wake mkubwa, mradi taarifa itolewe mapema. Simu iliyopigwa wiki moja kabla, ikieleza idadi ya wageni, siku na saa, hufungua malango ambayo gari zuri lililofika bila taarifa halitafunguliwa.

Jambo la pili la kuamuliwa ni mwezi. Katika nchi za baridi mzabibu hupukutisha majani na kulala majira yote ya kipupwe, hivyo huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza, na mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi wa kupogolea, akijua kwamba takriban miezi minne baada ya kukata matawi ya zamani atavuna. Kwa njia hiyo hupatikana mavuno mawili, moja kati ya Februari na Aprili na jingine, ambalo ndilo lenye sifa zaidi, katika Agosti na Septemba. Mavuno ya masika husumbuliwa na ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani na vichala wakati wa unyevu, na matunda yake mara nyingi hujaa maji kuliko sukari. Mavuno ya kiangazi hutoa tunda dogo, tamu na lenye rangi. Anayekwenda Agosti atakuta pia vumbi, upepo, na usiku ambao huweza kushuka hadi nyuzi 14, kwa hiyo sweta si mzigo wa bure. Miezi ya Aprili hadi Juni, wakati Bunge la bajeti linapokaa, nyumba za wageni hujaa na bei hupanda.

Safari yenyewe imekuwa nyepesi tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, kwani mwendo wa kutoka Dar es Salaam, ambao kwa basi na umbali wa kilomita zipatazo 450 humaliza siku, sasa huchukua kati ya saa tatu na nne. Tiketi hukatwa mapema kwa kitambulisho, na tiketi za kurudi Jumapili zikatwe pamoja na za kwenda. Ndani ya mkoa ni afadhali kukodi gari dogo la abiria pamoja na dereva wake, kwa sababu mashamba yametawanyika, njia za vijijini ni za udongo, na kikundi ambacho kila mtu anaonja hakiwezi kuwa na mwenzao mmoja anayekaa na kinywa kikavu kwa hiari siku tatu mfululizo.

Ijumaa inafaa kutengwa kwa Makutupora, kilomita zisizofika 30 kaskazini mwa jiji kwenye barabara ya Arusha, ambako taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo ina kituo chake cha zabibu. Kwa kuwa ni ofisi ya umma, Jumamosi na Jumapili haina mtu wa kupokea wageni. Hapo ndipo mahali pa kujifunza kutofautisha aina: Chenin Blanc, zabibu nyeupe yenye asili ya Ufaransa ambayo hutoa mvinyo mweupe mwingi wa Dodoma, Syrah, nyekundu, na Makutupora Red, iliyopewa jina la mahali penyewe. Mwelekezi akiulizwa namna ya kujua kama tunda limeiva, aombwe kulipasua moja kiganjani. Maji yake, hata ya zabibu nyekundu, karibu hayana rangi, kwa kuwa wekundu wote umo katika ganda, na ndiyo maana mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda wakati mweupe hukamuliwa kwanza. Mbegu zikiwa bado za kijani na chungu, kichala hicho husubiri. Tunda lisiliwe moja kwa moja kutoka shambani bila kuoshwa, maana mizabibu hupuliziwa dawa.

Jumamosi asubuhi huwa ya Hombolo, kilomita zipatazo 40 kaskazini-mashariki mwa jiji, penye bwawa kubwa na kiwanda cha mvinyo. Ni huko ambako mgeni atasikia neno "mchuzi wa zabibu", ambalo halina uhusiano wowote na wali: ni zao lililokwisha kukamuliwa na kusindikwa hatua ya kwanza, likiuzwa kwa jumla kwa viwanda vinavyokamilisha kazi na kujaza chupa. Bei ya mchuzi huo ndiyo malalamiko ya kila mkulima, na mgeni mwenye subira ya kusikiliza ataelewa biashara nzima kwa nusu saa. Mchana unafaa kumalizikia Msalato, kwenye mnada wa mifugo wa kila Jumamosi, ambako nyama ya mbuzi huchaguliwa ikiwa inaning'inia, hupimwa, huchomwa na kuletwa juu ya ubao pamoja na chumvi na pilipili. Chupa ya mvinyo mwekundu mkavu, yaani ule ambao sukari yake yote imegeuka kilevi, hukaa vizuri na nyama hiyo kuliko bia, ingawa wenyeji wengi watabisha. Wale wasiopenda ukali huelekezwa kwenye dompo, mvinyo mtamu wenye kilevi kingi kuliko wa kawaida. Utamu huo hudanganya, na glasi ya tatu haina haja.

Jumapili hubaki kwa Bihawana na vijiji vya barabara ya Iringa, baada ya misa na si wakati wake. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Urithi wa Dunia, haifai kubanwa katika siku hiyo, kwa kuwa Kolo, penye michoro hiyo, iko mbali sana kaskazini na inahitaji siku yake yenyewe.

Kuhusu kununua, chupa zenye lebo hupatikana kwa bei nzuri madukani mjini, na inafaa kusoma kama zimetengenezwa kwa zabibu za nchini. Vijijini mgeni huweza pia kuuziwa mvinyo wa nyumbani uliotiwa katika chupa za plastiki za maji. Chupa ya namna hiyo ibonyezwe kwa kidole: ikiwa ngumu kama mpira uliojazwa upepo, mvinyo bado unachacha, na anayeazimia kuubeba hivyo hivyo kwenye treni aiweke wima, alegeze kifuniko kila baada ya muda, na asiiweke karibu na nguo nyeupe.