Somo la ufundi: Kubadilisha kontakti ya motokari ya zamani

Wengi wetu hapa Kalemie tumekwisha kusukuma motokari asubuhi, tukisema demareri imekufa. Mzazi mmoja tunayemjua aliuza mbuzi wawili, akanunua demareri ingine. Motokari ikakataa tu. Kumbe ubovu ulikuwa katika kontakti, kitu kidogo cha kushikwa na vidole. Basi tujifunze kupima mbele ya kununua.

1. Kontakti ni nini?
Iko na sehemu mbili: kufuli ambamo ufunguo unaingia, na nyuma yake kisanduku chenye vipande vya shaba. Ufunguo ukizungushwa, vipande vinagusana na umeme unapita. Katika motokari nyingi za Ulaya, 30 inatoka kwa batri, 15 inapeleka umeme kwa bobini, 50 inaamsha demareri. Katika Toyota mara nyingi ni AM, IG na ST. Miaka ikipita shaba inaungua na kulika. Njo maana ufunguo unazunguka bure.

2. Kupima
Washa taa kubwa, zungusha ufunguo. Taa zikififia sana, tazama kwanza batri na waya zake. Zikibaki na nguvu, toa motokari katika gia, kisha chukua ampuli ya volti 12 yenye waya mbili: moja iguse chuma cha motere, ingine waya ndogo ya demareri. Mwenzako azungushe ufunguo. Ampuli ikiwaka vizuri, kontakti ni nzima. Isipowaka, pima nyuma ya kontakti. Kama 30 inawaka lakini 50 hapana, kontakti imekufa.

3. Kubadilisha
Ondoa kwanza waya ya (−) ya batri, kwani 30 iko na umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni. Ikigusa chuma, moto unaweza kutokea. Andika nafasi ya kila waya. Fungua visi, weka kisanduku kipya cha namna ileile, rudisha waya. Mara nyingi kufuli na ufunguo vinabaki vilevile. Ufunguo ukiachiliwa, lazima urudi wenyewe; usiporudi, demareri itaendelea kuzunguka mpaka iharibike.

Wengine wanafunga waya chini ya volani na kuacha hivyo. Sisi tusifanye: ufunguo usipokuwa ndani, volani inaweza kujifunga katika kona.

Maswali
1. Kwa nini tunaondoa waya ya batri kwanza?
2. Kama yule mzazi angepima, ampuli ingewaka kwenye demareri ao hapana? Eleza.