Kutu, Mchanga wa Bahari na Nyumba Zetu

Katika makala haya nataka tujadiliane jambo ambalo sisi wa Likoni twaliona kila siku na kulipita. Mbona dari ya ghorofa iliyojengwa juzi hupasuka na kutoa vyuma vyekundu, ilhali kuta za Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, zingali zimesimama ukingoni mwa bahari? Wengi husema, "Ah, fundi aliiba simiti." Huenda ikawa kweli, lakini si jibu lote.

Zege ni hodari likikandamizwa, lakini ukilivuta ni dhaifu. Nguvu yake ya kuhimili mvuto ni kama sehemu moja kwa kumi tu ya ile ya kuhimili mkandamizo. Dari inapobeba watu hupinda kidogo: katikati ya chumba, upande wa juu hubanwa na wa chini huvutwa. Ndiyo sababu vyuma hulazwa karibu na upande wa chini. (Baraza inayoning'inia nje ni kinyume, vyuma vyake hukaa juu, na fundi asiyelijua hilo ni wa kuogopwa!) Atomi za chuma zimejipanga safu safu, na safu hizo zaweza kuteleza bila kuachana, basi chuma hunyumbuka kabla ya kukatika. Tena chuma na zege hutanuka karibu sawasawa kwa joto. La sivyo jua letu lingevitenganisha zamani.

Je, mbona chuma hakipati kutu mle ndani? Zege lina alkali kali, pH yake 12 hadi 13, nayo hukivika chuma utando mwembamba mno wa oksidi. Utando ukiwa mzima, kutu haianzi. Sasa hapo ndipo chumvi inapoleta balaa. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na kloridi yake huutoboa utando ule. Kutu nayo huchukua nafasi mara mbili na zaidi ya chuma ilichokila. Itajipanua wapi? Hulipasua zege, ufa ukaingiza hewa na maji, kutu ikazidi.

Mtaani kwetu iko nyumba ya kupanga ambayo mchanga wake uliletwa kwa mkokoteni kutoka ufuoni, kwa kuwa ni rahisi. Kipande cha dari kiliangukia kitanda cha mtoto. Bahati njema alikuwa shuleni. Mwenye nyumba akaita fundi, ikapigwa plasta na rangi, basi. Kwangu mimi hiyo ni kumvisha mgonjwa kanzu mpya. Kloridi imo ndani bado, na watu wanalala chini yake.

Ukuta wa kale wa matumbawe na chokaa hauna chuma ndani, basi hauna cha kushika kutu. Tumbawe bichi ni laini, hukatika kwa urahisi, kisha likikauka huwa gumu. Lakini kila kitu na gharama yake: dari zilibebwa na boriti za mikoko, kwa hiyo vyumba vya wazee havikupita upana wa mita 3 hivi. Hatuwezi kurudi huko na watu tulivyo wengi.

Mchanga wa kwenu waweza kuupima katika maabara yetu, mwalimu akiruhusu. Utikise katika maji yaliyokenekwa (si ya kisima, visima vyetu vina chumvi), chuja, tia asidi ya nitriki kidogo, kisha matone ya nitrati ya fedha. Asidi ni lazima, kwani vipande vya makombe ni kaboneti na vyaweza kukudanganya. Maji yakigeuka meupe kama tui, kloridi imo. Mchanga huo uoshwe kwa maji baridi, upimwe tena, au ununuliwe wa mtoni.