Ukungu machoni baada ya vidonge vya saratani

*Daktari, baba anatibiwa melanoma, saratani ya ngozi, iliyoanzia unyayoni kwa dabrafenib na trametinib. Sasa anaona ukungu. Mitumbwi ziwani haitambui. Aache dawa?*
*Binti, Kyela*

Binti, tatizo hili linajulikana, na mara nyingi linatibika. Trametinib inaweza kukusanya maji chini ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Dabrafenib inaweza kuleta uvimbe ndani ya jicho: wekundu, maumivu, kuchukia mwanga.

Asiamue mwenyewe kuacha wala kuendelea. Mpigieni daktari wake wa saratani leo, kabla ya dozi inayofuata. Huenda akasitisha dawa kwa muda au kupunguza dozi. Apimwe macho Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, akibeba maboksi ya dawa. Asiendeshe pikipiki. Jicho likizima ghafla, msingoje kesho.