SOMO LA KOMPYUTA: NAKALA ZA AKIBA ZILIZOPANGWA KWA TAREHE



Wengi wenu sasa mnatunza karatasi zenu ndani ya kompyuta: cheti cha shule kilichopigwa picha, barua ya kutafuta jamaa, orodha ya wanafunzi, daftari la kikundi cha kuweka na kukopa. Karatasi nyingine asili yake ilibaki Uvira au Bujumbura, au iliungua, na picha iliyomo kwenye kompyuta ndiyo pekee iliyopo. Kwa hiyo mnaweka nakala ya akiba kwenye flashi, na mnafanya vema.

Tatizo ni namna ya kuiweka. Mtu huburuta folda hadi kwenye flashi, kompyuta humwuliza kama ibadilishe mafaili ya zamani, naye hujibu ndiyo. Sasa tuseme katibu wa kikundi amefuta ukurasa wa michango siku ya Jumanne bila kujua, akahifadhi. Ijumaa anaweka nakala. Faili lenye kasoro linachukua nafasi ya faili zima, na ule ukurasa haupo tena popote. Flashi ilikuwapo, nakala ilikuwapo, na bado hesabu ya fedha za watu imepotea. Dawa yake ni kila nakala ikae ndani ya folda yake yenye tarehe, bila kugusa nakala ya wiki iliyopita.

Kufanya hivyo kwa mkono kunachosha, na mtu aliyechoka hukosea. Windows itaifanya kazi hiyo ukiiandikia amri mara moja tu. Programu inayonakili huitwa robocopy. Imo ndani ya Windows tangu toleo la Vista la mwaka 2007, na haihitaji intaneti.

Kwanza panga mafaili yako. Katika mfano wetu yamo ndani ya folda iitwayo Kazi, yenye folda tatu ndogo: Vyeti, Barua na Picha. Chomeka flashi, fungua Notepad, kisha andika mistari hii kama ilivyo:

@echo off
set /p SIKU=Andika tarehe ya leo: 
robocopy "C:\Kazi\Vyeti" "%~d0\Nakala\%SIKU%\Vyeti" /E /R:2 /W:5
robocopy "C:\Kazi\Barua" "%~d0\Nakala\%SIKU%\Barua" /E /R:2 /W:5
robocopy "C:\Kazi\Picha" "%~d0\Nakala\%SIKU%\Picha" /E /R:2 /W:5
pause

Lihifadhi faili hili kwenye flashi yenyewe, si kwenye kompyuta. Unapoandika jina, liweke ndani ya alama za kunukuu, hivi: "nakala.bat". Ukiziacha alama hizo, Notepad huongeza .txt mwishoni, na faili halitafanya kazi.

Sasa libonyeze mara mbili. Dirisha jeusi litafunguka na kukuuliza tarehe. Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-03-14. Ukiandika hivyo folda zitajipanga zenyewe kwa kufuatana. Usitumie mkwaju kama tunavyofanya kwenye barua (14/3/2025), kwa sababu Windows haikubali mkwaju katika jina la folda.

Katika kila mstari wa robocopy, maneno ya kwanza yaliyonukuliwa ni mahali mafaili yanapotoka, na ya pili ni mahali yanapokwenda. Alama %~d0 maana yake ni "diski ile ambamo faili hili la amri limo". Hii ndiyo sababu ya kulihifadhi kwenye flashi: kompyuta moja huiita flashi E, nyingine huiita F, na amri yako itafanya kazi kwa zote mbili. /E inachukua pia folda zote zilizomo ndani.

/R:2 na /W:5 yasiachwe. Faili likigoma kunakiliwa, robocopy isiyoambiwa kitu hujaribu tena mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Jenereta itazimwa kabla haijakata tamaa! Kwa amri yetu hujaribu tena mara mbili tu, ikisubiri sekunde tano. Hata hivyo funga mafaili yote kabla ya kuanza.

Kazi ikiisha, tazama majedwali yaliyoandikwa dirishani, moja kwa kila folda. Chini ya neno FAILED pawe na 0. Pakiwa na namba nyingine, kuna kitu hakikunakiliwa.

Huenda rafiki akakushauri kuongeza /MIR. Usikubali. Amri hiyo hufuta katika nakala kila kitu ambacho hakimo tena kwenye folda ya asili, na ukikosea mahali pa kupeleka, itafuta vitu ambavyo hukuvikusudia kabisa.

Kuhusu nafasi: folda ya megabaiti 200 itaijaza flashi ya gigabaiti 16 baada ya nakala kama 75. Ukiweka kila siku, ni miezi miwili na nusu. Ukiweka kila Ijumaa, ni zaidi ya mwaka. Ikijaa, futa folda za zamani, lakini bakiza moja ya kila mwezi.

Jambo jingine ni siri za watu. Flashi yenye majina ya familia na picha za vyeti vyao si ya kuazimisha mtu akatie nyimbo. Isikae pia katika hema au chumba kimoja na kompyuta, kwa sababu moto na mwizi huchukua vyote pamoja. Kama mafaili ni ya kikundi, kubalianeni nani ataitunza.

Baada ya nakala ya kwanza, fungua flashi kwenye kompyuta nyingine, ingia folda ya Nakala, kisha ya tarehe, ufungue faili moja au mawili kutoka kila folda ndogo. Siku ukihitaji kurudisha faili, linakili kutoka tarehe ambayo lilikuwa zima, na ulihifadhi kwa jina jingine kwanza ili ulilinganishe na lile lililopo.