Mwalimu wa Kujihami Naye Huinuka



Msimu wa korosho watoto wetu hushinda mashambani toka asubuhi, na wengine hurudi giza limeshaingia. Siku nyingine binti hutumwa peke yake kisimani au dukani. Mara kwa mara huletwa hospitali binti aliyebakwa, na swali la kwanza la ndugu zake ni hili: "Mbona hukupiga kelele?" Swali hilo humwumiza mara ya pili. Uchunguzi uliofanyika nchini mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18, na mvulana 1 kati ya 7. Kwa hiyo mwezi huu tuzungumze juu ya mafunzo ya kujihami, na hasa juu ya yule anayeyafundisha, maana naye hufaidika kuliko tunavyodhani.

Kwanza, kwa nini binti hakupiga kelele? Hofu kubwa ikimpata mtu, moyo huenda mbio na misuli hukaza. Wengine hupata nguvu za kukimbia au kupigana. Wengine huganda kama jiwe, hata sauti haitoki. Mtu hachagui lipi limpate. Aliyeganda hakukubali, na neno hilo mzazi alishike sana. Mazoezi husaidia kwa sababu mwili hukumbuka kilichorudiwa mara nyingi. Mkunga mzoefu hafikiri kila hatua mtoto anapotoka. Mikono yake inajua.

Ndiyo sababu mafunzo mazuri huanza na sauti, si ngumi. Binti husimama imara, humtazama mtu usoni na kusema "Hapana! Niache!" kwa sauti inayotoka tumboni. Hufundishwa kutaja tendo lenyewe mbele ya watu: "Toa mkono wako mwilini mwangu!" Huyu mwovu hutegemea ukimya, na ukimya ukivunjika wengi wao hurudi nyuma. Binti hufundishwa pia kuondoka mapema, hata kusema uongo kwamba baba yuko njiani. Mapigo huja mwisho, pale njia ya kutoroka imezibwa: macho, pua, koo, korodani, ugoko. Sehemu hizo hata mwanamume mwenye nguvu hana misuli ya kuzikinga. Ukimpiga puani kwa sehemu ya chini ya kiganja, macho yake hujaa machozi, nawe unapata nafasi. Shabaha ni kukimbia.

Je, yasaidia kweli? Jijini Nairobi wasichana 522 wa shule za sekondari katika mitaa ya mabanda walifuatiliwa na watafiti, na matokeo yakatolewa mwaka 2013. Waliofundishwa walipata vipindi sita vya saa mbili mbili. Kabla ya mafunzo, karibu 25 katika kila 100 walisema walishambuliwa kingono mwaka uliotangulia. Baadaye wakawa kama 9. Kwa wale wasiofundishwa hali haikubadilika. Ni maelezo ya wasichana wenyewe, tena wa mahali pamoja, basi tusiyafanye dawa ya kila kitu. Lakini huko Kanada nako, mwaka 2015, utafiti katika vyuo vikuu ulionyesha ubakaji ukipungua karibu nusu kwa wanawake waliofundishwa saa 12.

Sasa turudi kwa mwalimu. Katika mtaa wa Korogocho, jijini Nairobi, wapo akina bibi waitwao Cucu Jikinge. Cucu kwa Kikuyu ni bibi. Walianza kujifunza kwa sababu wanawake wazee walikuwa wakibakwa, wengine na vijana walioamini kuwa bibi hana UKIMWI. Wanawake wa miaka 60, 70 na zaidi hukutana, hupiga kelele na kufanya mazoezi ya mapigo, na waliokwisha kujifunza huwafundisha wenzao. Fikirini mwanamke ambaye jamii imeshamweka pembeni, kazi yake kulea wajukuu na kungoja kusaidiwa. Leo anasimama mbele ya wenzake na kutoa amri, nao wanaitikia. Kila anapofundisha "Hapana!" anaisikia sauti yake mwenyewe. Aliyewahi kuumizwa, akiwa tayari kwa hiari yake, huona kwamba yaliyompata yanaweza kumkinga mwingine. Asilazimishwe lakini, kidonda kibichi hakishikwishikwi.

Kwetu Mtwara jambo hili si geni sana. Akina mama wetu wa unyago, makungwi na masomo, wanajua kufundisha kwa nyimbo na maigizo kuliko mwalimu yeyote wa darasani. Tatizo ni kwamba mara nyingi mwali hufundishwa kutii na kunyamaza. Kungwi huyo huyo aweza kumfundisha kukataa. WAWATA na VIWAWA wa kila kigango wakitafuta mtu mwenye ujuzi wa kuwafundisha wachache, hao watawafundisha wengine. Hakuna gharama kubwa: uwanja, mito ya kupigia, na saa mbili kwa juma. Wavulana nao wafundishwe kuheshimu neno "hapana" na kumtetea anayesumbuliwa. Akina baba wasije kucheka pembeni. Binti aliyechekwa siku ya kwanza harudi ya pili.

Tena mwalimu ajiandae kwa jambo moja. Akishafundisha wiki chache, watoto wataanza kumweleza siri, na mara nyingi mtajwa si mgeni. Ni mjomba, jirani, fundi au rafiki. Asishtuke mbele ya mtoto wala kumhoji kama polisi. Amwambie, "Nakuamini, si kosa lako," kisha amsindikize hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Humezwa siku 28. Mtoto asiogeshwe kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe katika bahasha au mfuko wa karatasi. Msikae nyumbani kungojea fomu ya polisi, PF3. Njoni kwanza, fomu itafuata. Taarifa hupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure.