Kipandauso: Tiba za Nyumbani na Mipaka Yake

Miongoni mwa maswali ambayo watumiaji hutuletea mara kwa mara, yapo yahusuyo maumivu ya kichwa. Muulizaji hueleza kwamba amepimwa malaria mara tatu bila kuonekana na vimelea, macho yake hayana tatizo, shinikizo la damu liko sawa, na bado kila baada ya wiki mbili au tatu upande mmoja wa kichwa hupwita hata akashindwa kwenda kazini. Kisha huuliza kama ile chupa inayouzwa stendi, yenye picha ya mti na ahadi ya kuponya kichwa daima, inafaa kununuliwa. Makala haya yameandikwa kwa ajili yake. Tunajua kwamba wengi huanza kujitibu nyumbani, na wala si kosa kuanzia huko, mradi mtu ajue anachokifanya.

Maumivu ya namna hiyo mara nyingi ni kipandauso. Ni maradhi ya ubongo na neva, ambayo humpata takriban mtu mmoja kati ya saba duniani, na wanawake huyapata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Kichwa hupwita, aghalabu upande mmoja. Maumivu huzidi mtu akipanda ngazi au akiinama. Kichefuchefu hufuata, na mwanga na kelele huwa havivumiliki. Wagonjwa wengine kwanza hupata dalili tangulizi, kama nuru inayometameta, mistari yenye meno ya msumeno mbele ya macho, au ganzi inayopanda taratibu mkononi, kwa muda wa dakika 5 hadi 60, ndipo kichwa huanza kuuma.

Kwa nini kila dawa huonekana imeponya

Kipandauso ambacho hakikutibiwa hudumu kati ya saa 4 na saa 72, kisha huondoka chenyewe. Jambo hili dogo ndilo linalobeba biashara kubwa. Mtu huanza kuumwa Jumatatu jioni, humeza dawa mseto ya malaria bila kipimo, na Jumatano asubuhi kichwa ni chepesi. Tangu siku hiyo huamini kwamba ilikuwa malaria. Jirani yake hunywa mitishamba Jumanne usiku, naye hupona Jumatano ileile. Wote wawili husema kweli kuhusu walichokiona, na wote wawili wanaweza kuwa wamekosea kuhusu sababu. Dawa iliyotumika mwisho ndiyo hupewa sifa.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza tunachopendekeza ni daftari dogo. Kila kichwa kinapouma, andika tarehe, saa kilipoanza, ulichofanya na saa uliyokifanya, na saa nafuu ilipokuja. Andika pia usingizi wa usiku uliotangulia, mlo ulioukosa, na kwa wanawake, siku za hedhi. Tiba iliyoleta nafuu ndani ya saa mbili katika mara nne kati ya tano ina jambo la kukueleza. Ile iliyosubiri hadi siku ya tatu haina. Mmoja wetu katika kitengo hiki, ambaye huumwa kipandauso tangu akiwa sekondari, aligundua kwa njia hiyo kwamba alichokuwa akikiita mzio wa machungwa kilikuwa ni kukosa kifungua kinywa.

Saa ya kwanza

Tiba za nyumbani husaidia zaidi zinapoanza mapema, kabla maumivu hayajakolea. Lala chumba chenye giza na utulivu. Kunywa maji, kwa kuwa upungufu wa maji mwilini huweza kukichokoza kichwa, na kama hujala, kula kitu chepesi kabla kichefuchefu hakijafunga mlango.

Ubaridi ndiyo tiba ya mikono tunayoipendekeza bila kusita. Utafiti uliofanywa Hawaii na kuchapishwa mwaka 2013 uliwafunga wagonjwa kanda ya baridi sehemu ya mbele ya shingo, penye mishipa mikuu ya damu iendayo kichwani. Baada ya dakika 30 maumivu yao yalikuwa yamepungua kuliko ya wale waliofungwa kanda isiyo na ubaridi. Nyumbani, vipande vya barafu vikungwe ndani ya kanga au taulo na kuwekwa shingoni au kwenye kipaji cha uso kwa dakika 15 hadi 20. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Pasipo jokofu, kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungini na kubadilishwa kila kinapopata joto hufaa. Wapo wanaoona nafuu kwa joto kuliko baridi, hasa shingo inapokuwa imekakamaa, nao wakandwe kwa maji ya uvuguvugu.

Kuhusu tangawizi, habari ni nzuri kiasi. Utafiti wa Iran uliochapishwa mwaka 2014 uliwagawa wagonjwa 100 katika makundi mawili: kundi moja lilimeza unga wa tangawizi, jingine sumatriptan, ambayo ni dawa ya hospitali ya kipandauso. Baada ya saa mbili makundi hayo yalikaribiana kwa nafuu. Hata hivyo, hapakuwa na kundi la tatu lililopewa dawa bandia isiyo na nguvu yoyote, na kama tulivyokwisha kueleza, kichwa hiki hupungua pia chenyewe. Utafiti wa baadaye wa Brazil ulijaribu tangawizi ya kila siku kwa miezi mitatu ili kuzuia mashambulizi yasije, nao haukuona tofauti na dawa bandia. Kwa hiyo tangawizi ni ya kunywa kichwa kinapoanza, na haina sababu ya kugeuzwa dozi ya mwaka mzima. Kiasi kilichotumika Iran kilikuwa miligramu 250, yaani chini ya robo ya kijiko cha chai cha unga, kwa hiyo anayekuuzia kopo la kilo moja hakuuzii tiba bali kiungo cha chai. Anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu isigande asiitumie kama dawa kabla ya kumuuliza daktari.

Kahawa ina pande mbili. Kafeini kiasi cha miligramu 100, karibu kikombe kikubwa kimoja cha kahawa, ikichukuliwa pamoja na dawa ya maumivu huongeza kidogo idadi ya wanaopata nafuu. Lakini mwili uliozoea kahawa kila siku huumwa kichwa siku unapoikosa. Wengi huliona jambo hili katika siku za mwanzo za Ramadhani na huudhani ni udhaifu wa kufunga. Anayekunywa vikombe vitatu vinne kwa siku na apunguze kidogo kidogo katika mwezi wa Shaabani, na asiache daku.

Mikono ya nani, na inafanya nini

Kujichua mwenyewe hakuna gharama wala hatari kubwa. Bonyeza panja kwa ncha za vidole na uzungushe polepole; shuka nyuma ya masikio, kisha kwenye misuli ya ukosi hadi mabegani. Wale wanaojifunga kitambaa kichwani kwa kukaza wanafanya jambo la zamani ambalo huwaliwaza wengi, nasi hatulikatazi. Kwa kichefuchefu, sehemu inayobonyezwa iko upande wa ndani wa mkono, upana wa vidole vitatu chini ya mkunjo wa kiwiko cha kiganja, katikati ya kano mbili. Kuibonyeza kwa dakika chache kumewasaidia baadhi ya watu. Pale pa nyama kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, panaposifiwa sana kwa kichwa, ushahidi wake ni hafifu, na desturi ya tiba ya Kichina yenyewe huwakataza wajawazito wasipabonyeze. Mafuta ya menthol au mnanaa kwenye kipaji cha uso huleta ubaridi unaofariji. Yasikaribie macho, na mtoto mchanga asipakwe usoni wala puani, kwa kuwa yanaweza kumbana pumzi.

Jambo ambalo tunalikemea wazi ni kuzungushwa shingo kwa ghafla. Katika saluni nyingi za kunyolea, mteja akimaliza kunyolewa hukandwa kichwa, kisha kinyozi hukishika kidevu na kukipindua kwa nguvu mpaka mifupa ilie. Wengi hulipenda. Lakini mishipa ya damu inayopita ndani ya shingo kuelekea kwenye ubongo inaweza kuchanika utando wake wa ndani kwa pigo kama hilo, damu ikaganda pale, na kijana mwenye afya akapata kiharusi. Ajali hiyo ni nadra, ila nafuu inayonunuliwa kwa hatari hiyo hupatikana kwa kitambaa cha baridi. Mwambie kinyozi mapema, kabla hujafunga macho: kichwa akande, shingo aiache.

Chale za panjani nazo, pamoja na chuku au hijama inayotoa damu, huingiza hatari ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B pale wembe au pembe inapotumika kwa zaidi ya mtu mmoja.

Chupa ya stendi

Tanzania inayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na tiba asili haidharauliwi na mamlaka yoyote makini. Tunachokihoji ni chupa isiyosema kilichomo. Mamlaka za dawa za Marekani na Singapore, kwa mfano, zimewahi kupima bidhaa za maumivu zilizouzwa kama mitishamba mitupu na kukuta ndani yake diklofenaki au deksamethasoni, ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Hapo ndipo nafuu ya ajabu hutoka. Mtumiaji hupata nafuu kweli, na baada ya miezi hupata vidonda vya tumbo, uso kuvimba au sukari kupanda, bila yeye wala daktari wake kujua kwa nini.

Hata mmea halisi waweza kudhuru. Mmea uitwao Petasites uliwahi kupendekezwa na chama cha madaktari wa neva wa Marekani kwa kuzuia kipandauso, na mwaka 2015 pendekezo hilo likaondolewa kwa sababu ya madhara kwa ini. Vidonge vyake bado huuzwa kwenye intaneti. Magnesiamu na vitamini B2 zina ushahidi wa kiasi katika kuzuia, lakini magnesiamu huharisha, na mwenye figo dhaifu asiiguse bila daktari.

Kabla ya kulipa, tafuta kwenye lebo jina na anwani ya mtengenezaji, viambato vyote, namba ya usajili, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakikosekana kimojawapo, rudisha chupa mezani.

Hesabu ya vidonge

Tiba ya nyumbani inayoleta madhara mengi kuliko zote tulizozitaja ni kidonge cha dukani kinachomezwa kila siku. Mwenye kipandauso anayetumia parasetamoli, aspirini au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huweza kupata kichwa kinachosababishwa na dawa zenyewe. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vile vyenye parasetamoli, aspirini na kafeini pamoja, kikomo ni siku 10. Mgonjwa huongeza dawa kwa sababu kichwa kimezidi, na kichwa huzidi kwa sababu ya dawa. Daftari lako litakuonyesha. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa saa 24 kwa mtu mzima, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na humo uhesabu ile iliyofichwa ndani ya mchanganyiko na dawa za mafua. Aspirini asipewe mtoto wa chini ya miaka 16. Mjamzito asitumie ibuprofeni wala diklofenaki bila ushauri wa daktari, hasa kuanzia wiki ya 20.

Anayeumwa siku nne au zaidi kwa mwezi na aende hospitali na daftari lake. Zipo dawa za kuzuia, kama propranolol na amitriptyline, ambazo ni za siku nyingi na hazina bei kubwa, ingawa ya kwanza haiwafai wenye pumu.

Mwanamke anayepata dalili tangulizi tulizozieleza mwanzoni amjulishe mtoa huduma wa uzazi wa mpango. Vidonge vyenye estrojeni humwongezea hatari ya kiharusi, na njia nyingine salama kwake zipo.

Usijitibu nyumbani, nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, ikiwa maumivu yamelipuka na kufikia kilele ndani ya dakika moja. Ikiwa yamekuja na homa na shingo ngumu. Ikiwa mkono au uso umelegea au maneno hayatoki sawasawa. Ikiwa yamefuata pigo la kichwa. Au ikiwa mgonjwa ni mjamzito au amejifungua karibuni. Vivyo hivyo kwa aishiye na virusi vya UKIMWI anayeumwa kichwa kwa siku kadhaa mfululizo, na kwa mtu aliyevuka miaka 50 ambaye hakuwahi kuumwa hivyo kabla.

Ukidhani bidhaa uliyoinunua imekudhuru, usiitupe. Hifadhi kilichobaki pamoja na chupa, lebo na risiti, uvilete katika ofisi yetu ya kanda iliyo karibu nawe, au umkabidhi mfamasia au mganga mfawidhi wa kituo chako avifikishe kwetu.