SOMO LA LEO: RANGI IKAE NJE, MAJI YAKAE NDANI

Ndugu wasomaji, leo tunajifunza juu ya rangi na maji. Ni somo fupi, lakini linagusa kikombe cha mtoto wako.

Huko mjini wako watu wanaofuga samaki wadogo ndani ya nyumba, katika tangi la kioo, kwa kuwatazama tu. Nyuma ya samaki hao huonekana picha nzuri: mawe, majani, au maji ya buluu. Mtu angedhani picha imechorwa ndani ya maji. Sivyo. Mfugaji mwenye akili huchora picha ile nje, mgongoni mwa kioo. Sisi tunaiona, lakini samaki hawaigusi. Kwa nini? Kwa sababu anajua kwamba kinachotoka katika rangi kitaingia katika maji, na kilichomo katika maji kitaingia katika samaki.

Sasa turudi nyumbani kwetu Mbulu na Hanang. Sehemu kadhaa za Mkoa wa Manyara maji ya visima yana floraidi nyingi, ile inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Ndiyo maana tangi la kukinga mvua ni mali kubwa kuanzia Katesh hadi Haydom. Ole wetu tukiyaharibu maji hayo kwa mikono yetu wenyewe!

Tuchukue mfano. Baba mmoja amejenga tangi la saruji. Linavuja kidogo. Nyumbani ana kopo la rangi ya mafuta iliyobaki alipopaka milango. Anasema, "Si nipake tu ndani? Litaziba, tena litapendeza." Je, amefanya vema?

Hapana. Kwanza, rangi ya milango haikutengenezwa kukaa ndani ya maji. Baada ya muda itavimba na kubanduka, na tangi litavuja tena. Pili, baadhi ya rangi za mafuta, hasa zile kali za manjano na nyekundu, zina risasi. Hapa hatusemi risasi ya bunduki. Tunasema madini ya risasi. Madini haya ni sumu. Huharibu ubongo wa mtoto, akachelewa kujifunza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Mama atasema, "Lakini mimi huchemsha maji." Vizuri sana, endelea. Kuchemsha kunaua vijidudu. Lakini risasi si kijidudu. Haifi. Ukichemsha, maji yanapungua na risasi inabaki palepale.

Basi tuzibe tangi namna gani?

1. Toa maji yote. Sugua ndani kwa brashi ngumu na maji safi. Tafuta nyufa na uzipanue kidogo ili saruji ishike.

2. Piga lipu ya ndoo moja ya saruji kwa ndoo tatu za mchanga safi usio na udongo.

3. Siku hiyohiyo, lipu ikiwa bado mbichi, paka juu yake uji mzito wa saruji na maji. Lainisha kwa mwiko. Uji huu ndio unaoziba vitundu vidogo.

4. Usiache ikauke kwa jua. Funika kwa magunia na uyamwagie maji kila siku, muda wa siku 7 au zaidi. Saruji haipati nguvu kwa kukaukiwa. Inapata nguvu kwa kunyweshwa.

5. Jaza maji, yakae siku kadhaa, kisha yamwage. Rudia mara tatu. Maji ya kwanza ya saruji mpya ni makali. Yanachoma ngozi na kuua samaki.

Kama bwawa hilo ni la kufugia perege, jaribu kwanza kwa samaki wawili watatu. Wakikaa siku mbili wanaogelea na kula vizuri, ukali umekwisha. Lakini angalieni, ndugu: samaki ni shahidi wa saruji, sio shahidi wa risasi. Risasi huumiza polepole. Samaki anaweza kuogelea leo, na mtoto akaumia mwakani. Kwa hiyo usiseme eti, "Rangi yangu ni salama, samaki hawakufa."

Zipo pia rangi maalumu za ndani ya matangi. Ukiinunua, soma kopo. Lazima liandikwe kuwa inafaa kwa maji ya kunywa. Mara nyingi maandishi ni ya Kiingereza. Mwombe mwalimu akusaidie. Halafu subiri siku zote zilizoandikwa. Rangi ikiacha kushika kidole haina maana kwamba imekauka hadi ndani.

Na yule aliyekwisha kupaka rangi ya milango ndani? Asinywe maji yale. Asikwangue rangi ikiwa kavu, maana vumbi lake ni sumu. Asiichome moto. Amwite kwanza afisa afya.

Je, tangi lisipendeze? Lipendeze! Chora nje: ng'ombe, mahindi, Mlima Hanang. Ila tafuta kopo lililoandikwa kuwa rangi haina risasi, maana watoto hubandua rangi na kuitia mdomoni.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasoma, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Kusoma kulileta kazi. Nasi tufanye hivyo: tusome kopo kabla ya kushika brashi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mfugaji wa samaki huchora picha nje ya kioo?
2. Kwa nini kuchemsha hakuondoi risasi?
3. Saruji mpya inyweshwe maji siku ngapi?
4. Nendeni mkaangalie matangi na mapipa ya kijiji chenu. Je, lipo lililopakwa rangi ndani? Mtamshauri nini mwenyewe?

Kumbuka: rangi ikae nje, maji yakae ndani.